Jinsi ya Kung'arisha Gari Jeusi Ukiwa Chitete

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Chitete, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, ambaye kwa hiari yake na akili zake timamu alinunua gari jeusi. Wenye magari meupe wanaruhusiwa kusoma ila wasitucheke. Wenye magari ya rangi ya mchanga waende wakapumzike. Wao tatizo hili walilimaliza siku ya kulipa.

Picha uliyoonyeshwa wakati wa kuagiza gari ilipigwa Japani. Gari limesimama kwenye lami, limeoshwa, nyuma yake hakuna kuku wala mtu. Tangu liliposhushwa bandarini Dar es Salaam, likapita Mikumi, Iringa na Mbeya, likaingia Tunduma katikati ya malori, kisha likaiacha lami kuja kwako, kila siku limezidi kuachana na picha ile. Lengo letu ni kulirudisha. Halitarudi, lakini Jumamosi ni ndefu na majirani wanahitaji kitu cha kutazama.

Kabla hujashika tambara, jua unachokwenda kusugua. Juu ya bati la gari la kisasa kuna praima, juu ya praima kuna rangi yenyewe, na juu ya rangi kuna tabaka angavu ambalo mafundi wanaliita kliya. Kinachong'aa ni hilo. Unene wake ni mikroni 40 hadi 50 hivi, wakati karatasi ya kawaida ya fotokopi ina kama 100. Kwa hiyo ile heshima unayopewa ukiegesha kanisani, ukiingia kwenye kikao cha harusi, ukipishana na mheshimiwa diwani, ina unene wa nusu karatasi. Na kung'arisha maana yake ni kuipunguza. Mkwaruzo ni bonde. Polishi inasawazisha vilima vya pembeni mpaka bonde lisionekane tena. Kila ukipiga kompaundi, yaani polishi kali, mikroni kadhaa zinaondoka na hazirudi. Anayetaka gari ling'ae upya kila mwezi anakula mtaji, na ataula kwa raha mpaka siku utakapokwisha. Ushahidi upo Tunduma mjini: tazama mapaa ya magari aina ya IST ya miaka mingi yalivyobanduka mabaka mabaka. Jua lilianza, mwenye gari akamalizia.

Sasa chagua msimu. Mvua za mkoa wetu wa Songwe ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au kuingia Mei. Miezi hiyo ni ya tope, iliyobaki ni ya vumbi. Wakati mwafaka wa kung'arisha gari ni tope likishakauka na kabla halijawa vumbi, na kwa Chitete kipindi hicho huangukia Jumanne moja ya mwezi wa tano, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Omba ruhusa kazini mapema. Kama wewe ni mtumishi, mahali pa sababu andika "dharura ya kifamilia". Hutakuwa umedanganya, gari hilo linakula kuliko mtoto yeyote wa nyumba ile.

Tuje kwenye kuosha, na hapa tukae kidogo, kwa sababu mikwaruzo mingi iliyo kwenye gari lako haikuletwa na miiba ya njia ya Kamsamba. Umeileta mwenyewe, Jumamosi, huku ukipiga mluzi. Vumbi ni mawe madogo. Ukilifuta kwa tambara kavu unasaga kliya, na yule kijana anayekukung'utia boneti kwa fulana yake chakavu ili upite ukiwa nadhifu anakuharibia gari kwa nia njema kabisa.

Chukua ndoo mbili. Moja ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji kila inapotoka kwenye gari. Ndoo hiyo ya pili ndiyo siri yote, na ndiyo itakayokuletea maneno nyumbani. Mama watoto, ambaye ndiye aliyesimama bombani kwa ajili ya madumu hayo, atauliza kwa nini maji safi yanachafuliwa makusudi. Usimjibu kwa mikroni. Mwambie yatakwenda kwenye mchicha. Anza kwa kumwaga maji juu ya paa yashuke na vumbi bila kuguswa, ndipo ushike sponji: paa, vioo, boneti, milango, na mwisho kabisa kule chini kwenye tope. Sponji ikianguka ardhini imekufa, ihamishie jikoni. Sabuni ya unga iache kwenye nguo. Kazi yake ni kukata mafuta, na nta yote utakayokuja kuipaka itakatwa nayo. Shampuu ya magari unaweza kuitafuta Tunduma. Ukiikosa, ya nywele isiyo kali inaokoa jahazi, ukiweza kuitoa bafuni bila kuonekana.

Kabla hujamaliza paa, watoto wa jirani watakuwa wamefika.

"Shikamoo. Tukusaidie?"

Huo ni mtihani. Ukikataa wewe ni mchoyo, ukikubali umekwisha. Mtoto aliyelelewa vizuri anajua sufuria inang'aa kwa mchanga na jivu, na haoni kwa nini gari liwe na sheria zake. Mpe rimu. Mpe mazulia ya ndani. Mpe cheo cha kufukuza kuku. Ila tambara lililogusa rimu lisivuke kwenda mlangoni, maana kwenye rimu kuna unga wa breki, na unga wa breki una chuma ndani yake.

Usiku uingiapo, toka na tochi ya simu na uielekeze kwenye boneti. Utaona mikwaruzo midogo imejipanga duara kuuzunguka mwanga, na ukiusogeza mwanga duara linaufuata. Usimtafute aliyechora duara. Mikwaruzo iko pande zote za boneti, imelala kila upande; macho yako yanaiona ile tu iliyoukinga mwanga kwa pembe. Watu wengi wameishi kwa amani na magari yao miaka kumi kwa sababu hawakuwahi kufanya jaribio hili. Umeshalifanya, hakuna namna, tuendelee.

Wataalamu wanasema gari likishaoshwa uvae mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na kupapasa rangi taratibu. Kupitia plastiki vidole vinahisi vichembe ambavyo mkono mtupu hauvihisi. Ushauri ni mzuri, isipokuwa Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, na hatutaki msomaji wetu akamatwe akipapasa boneti na kidhibiti mkononi. Tumia nailoni iliyofungia mkate. Vichembe utakavyovihisi ni masizi ya dizeli, matone ya lami na chuma cha breki vilivyojishikiza kwenye kliya. Ukipita Tunduma mara mbili kwa wiki huwezi kuvikosa. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 ili malori yasikae mpakani, lakini lori likiwa linangurumisha injini mbele yako halikuulizi limekaa saa ngapi, linakutemea tu.

Dawa ya vichembe hivyo ni udongo. Udongo maalumu, laini, wa viwandani, unaokatwa kipande, ukalowanishwa kwa maji ya sabuni na kuteleza juu ya rangi ukinasa uchafu. Hapa utalazimika kuwaeleza wakwe, ambao nyuma ya nyumba yao kuna tanuru la matofali, kwamba umetuma fedha Dar es Salaam uletewe udongo kwa basi. Chagua maneno vizuri. Usithubutu kutamka bei.

Kivuli. Kazi zote kuanzia sasa zinataka bati lililopoa, maana boneti nyeusi iliyokaa juani mchana wa Momba inaweza kupita nyuzi joto 60, na polishi ikitua hapo inakauka kabla hujaisugua. Kivuli kizuri kipo chini ya mwembe. Chini ya mwembe pia kuna utomvu, na juu ya mwembe kuna ndege, ambao kinyesi chao kina asidi inayokula kliya na kuacha alama ya kudumu ndani ya siku chache. Chagua adui wako. Mimi ningesubiri saa kumi na moja jioni ukutani upande wa mashariki, lakini mimi sina haraka ya kuonekana.

Fundi atakuja bila kuitwa. Habari kwamba kuna mtu anasugua gari husafiri Chitete kwa kasi kuliko pikipiki.

"Braza, hii ni kazi ya nusu saa. Nikishakupigia kompaundi utajitazama ukinyoa ndevu."

"Mashine ipo?"

"Hii hapa." Na atainua grainda iliyokuwa ikikata nondo asubuhi, sasa ikiwa imevishwa sponji.

Msikilize kwa heshima, mpe maji ya kunywa, kisha simama kati yake na gari. Grainda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mashine halali ya polishi inafanya kazi yake vizuri kwenye mizunguko 1,000 hadi 2,000. Tofauti hiyo inakwenda wapi? Inakuwa joto. Na joto hukimbilia pindoni: kwenye mstari wa boneti, kwenye kona ya bampa, kwenye ukingo wa mlango, mahali ambapo kliya ni nyembamba tangu kiwandani. Utasikia harufu kwanza. Baadaye utaona baka lililopauka, ukubwa wa sarafu, ambalo ukililowesha linapotea na likikauka linarudi. Hilo halina polishi. Ni la mpiga rangi, na mpiga rangi naye atasema mlango mmoja hauwezi kupakwa bila kugusa wa jirani, na huo wa jirani bila boneti.

Ukitaka kupiga kwa mkono, inawezekana, ila usisikilize hadithi za nusu saa. Unachukua eneo la sentimita 40 kwa 40, tone la polishi isiyo kali, kitambaa laini, na unasugua mpaka bega likukumbushe umri. Halafu eneo la pili. Tambara jeupe likigeuka kuwa na rangi ya gari, simama. Huo si uchafu. Ina maana gari lako limepakwa rangi ya mtindo wa zamani isiyo na kliya, na unachokiona kwenye tambara ni gari lenyewe likihamia upande wa pili.

Kuhusu dawa za mtaani tutakuwa wafupi. Dawa ya meno ina chembechembe za kusugulia, kwa hiyo taa iliyopauka inaweza kuchangamka kidogo. Kwa gari zima utahitaji katoni, na mwenye duka atadhani una meno makubwa. Mafuta ya alizeti yanang'arisha mpaka vumbi la kwanza, kisha gari linakuwa tayari kukaangwa. Dizeli vivyo hivyo: inang'arisha kweli, kutoka getini hadi njia panda. Kiwi ni ya viatu. Anayekwambia vinginevyo mtazame viatu vyake.

Ukishamaliza kusugua utaona gari limekuwa jipya na utataka kupiga simu. Subiri. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kuificha. Chukua spiriti ya duka la dawa, ichanganye na maji, futa sehemu ndogo, urudishe ile tochi. Nusu ya mikwaruzo itakuwa imerudi kukusalimia. Wengi hatua hii wanairuka kwa makusudi, na sisi hatuwalaumu; furaha ya kweli nayo ina gharama zake, na ile ya mafuta inadumu mpaka mvua ya kwanza, ambayo ni Novemba.

Sasa kinga. Hapa kuna madhehebu matatu, na ndoa za mseto hazishauriwi.

La kwanza ni la nta. Nta inayosifiwa duniani ni ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya michikichi, na huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86. Kuna mzalendo atakayeuliza kwa nini tuagize Brazili wakati Tanzania ni nchi ya nyuki na nta yetu inauzwa nje. Swali zuri. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Rudi kwenye joto la ile boneti nyeusi, ufanye hesabu mwenyewe. Saa nane mchana uzalendo utakuwa umelainika, na kila punje ya vumbi itakayopita itakaribishwa ikae. Karnauba yenyewe haitavuka miezi miwili au mitatu. Ipake kidogo sana, iache ipate ukungu, ifute. Wanaopaka nyingi huwa wanaifuta mpaka Jumatatu, na siku nyingine wanaikuta nyeupe kwenye mpira wa dirisha.

La pili ni la kinga za viwandani, polima, ambazo hudumu miezi zaidi na hazina hadithi yoyote ya kusimulia kijiweni. Kwa sababu hiyo ndizo bora, na kwa sababu hiyo hutazinunua.

La tatu ni seramiki. Hii ni kimiminika chenye silika kinachoganda juu ya kliya, na muuzaji atakwambia ugumu wake ni 9H. Atalitamka kwa sauti ya chini, utadhani ni daraja la almasi. Ni daraja la penseli. Mafundi wa rangi hupima ugumu wa tabaka kwa kulikwaruza na penseli, kuanzia zile laini za B hadi ngumu za H, na 9H maana yake penseli ngumu kuliko zote kwenye kipimo haikuacha alama. Ni jambo la kutia moyo kwa yeyote anayeegesha nje ya shule ya msingi. Punje ya mchanga haikufanya mtihani huo.

Seramiki ina sharti: ikishapakwa isiguswe na vumbi wala maji kwa saa kadhaa, na kwa kawaida isioshwe kwa wiki nzima hivi. Mahali pasipo vumbi kwa saa kadhaa, Agosti, Chitete. Ukipafahamu tujulishe, tujenge zahanati. Ukilazimisha kupaka uani, kila kilichotua kitagandia humo, na utakuwa umeuhifadhi udongo wa Momba kwa muda wote wa dhamana iliyoandikwa kwenye kopo.

Kuna watu hapa mkoani watakaokuuliza yote haya ya nini, wakati Kimondo cha Mbozi kipo pale Ndolezi, tani na tani za chuma, kinajulikana kwa wanasayansi tangu mwaka 1930, jua lake mvua yake, na hakuna anayekipiga nta. Wajibu kwa upole. Kimondo kina nikeli inayokaribia asilimia 9, na kina kutu pia, ila kutu ya tani zote hizo haina haraka. Mlango wa gari lako una unene usiofika milimita moja. Halafu kimondo hakihudhurii harusi.

Gari lako litahudhuria. Hilo ndilo tatizo kubwa la kung'arisha gari ambalo vitabu vya wenzetu havilitaji. Likishang'aa, ni la ukoo. Jumatano watakuja watu wawili wazima, watakaa, watakunywa chai, wataulizia hali ya mahindi, wataulizia ufuta, na wakiwa wamesimama kuaga mmoja atasema, "Na ile kamati ya usafiri, baba, imekuona wewe kwanza." Huwezi kukataa, kwa sababu ulikuwa unasugua hadharani. Siku ya siku watalifunga riboni kwa selotepu, moja kwa moja juu ya nta yako ya Brazili, na selotepu ya duka la vifaa vya shule hushika kliya kuliko kitu chochote kilichowahi kuuzwa kwa jina la kinga.

Utajifariji kwamba gari la bibi harusi hutangulia, kwa hiyo vumbi litakuwa la waliofuata nyuma. Kumbuka vizuri. Mbele ya bibi harusi kuna pikapu ya mpiga video, amekaa kinyumenyume, anamwomba dereva wake asogee karibu zaidi. Mbele ya mpiga video kuna pikapu ya matarumbeta. Mbele ya matarumbeta kuna bodaboda wanne waliojialika, wanaonyanyua tairi la mbele. Gari lako jeusi, lenye riboni nyeupe, litasafiri kutoka kanisani hadi ukumbini ndani ya wingu, taratibu, kwa mwendo uliopangwa na mpiga tuba, madirisha yakiwa wazi ili maharusi wapunge mkono. Kisha watu watapiga picha wameliegemea. Vifungo vya koti la mpambe vitafanya kazi ambayo grainda haikuruhusiwa kuifanya.

Baada ya harusi utatamani kuosha palepale. Subiri mpaka upate maji mengi. Gundi ya selotepu iondoe kwa ile spiriti na upake nta upya sehemu hiyo. Ukifika nyumbani funika gari kwa turubai, kama unapenda mikwaruzo, kwa kuwa turubai juu ya gari lenye vumbi, upepo ukivuma, ni msasa uliofungwa kamba. Usipofunika, paka atalala kwenye boneti yenye joto na kuacha nyayo kuanzia kioo hadi taa. Kuliko msasa huo, afadhali nyayo za paka.

Iko siku utaamua kuliuza, pengine ununue jeupe. Mnunuzi atatoka Tunduma, kijana mwenye simu tatu. Hatalisifia gari. Atachuchumaa atazame mstari wa mlango kama umenyooka na wa jirani. Atafungua boneti achunguze nati za mabawa ya mbele kama zimewahi kuguswa na spana. Atatoa sumaku aliyoivisha kitambaa, aipitishe kwenye bati akitafuta mahali isiposhika, maana chini ya hapo kuna puti. Sumaku itashika kila mahali. Atasimama, ajitazame kwenye mlango wako kwa muda mrefu, arekebishe kofia.

"Mzee, hili liligongwa lini?"

"Halijawahi kugongwa."

"Sasa mbona linang'aa hivi? Hili limerudiwa rangi." Na atashusha bei palepale, milioni nzima, bila kupepesa.

Usibishane naye na usimtajie polishi, ndiyo itakayomthibitishia. Mwambie arudi Jumatatu na mwenzake. Akiondoka, lipeleke gari barabarani, liegeshe pale mabasi yanapogeuzia, liache siku tatu bila kuligusa, na waambie watoto wa jirani kuwa wiki hii wanaruhusiwa kuandika majina yao kwenye kioo cha nyuma. Jumatatu atalikuta ni gari la kawaida lenye rangi ya kiwandani, na mtaanza mazungumzo kwenye bei ya kwanza.